Kikwembe Cheusi cha Shangazi Feza

Kila Jumamosi jioni miguu yangu hunuka tope la mto Kalumbi. Si tope tupu, ni tope lililochanganyika na sabuni ya kufulia, majani yaliyooza, na harufu nyingine ya chuma ambayo sijawahi kujua inatoka wapi. Nasugua nyayo kwa jiwe, napaka mawese, na bado nikikaa kula harufu inanipanda puani. Mume wangu hunitania kwamba alitoa mahari akaletewa kambare. Namwacha aseme, maana nguvu ya kubishana naye huwa nimeiacha mtoni.

Wiki hii tulikuwa na mkutano juu ya mto huo. Ofisi ya mji inataka kuufanya mahali pa kupumzikia: njia ya kutembea kando yake, viti, miti ya kivuli, sehemu ya watoto kuogelea. Walibandika ramani ukutani, na mto umepakwa rangi ya buluu ambayo Kalumbi haujawahi kuwa nayo tangu uumbwe. Kijana mmoja mwenye adabu akauliza kama kuna mtu anayekumbuka jinsi ulivyosafishwa ile mara ya kwanza, watu walipokuwa wanarudi kutoka ng'ambo. Sisi wa rika moja tukatazamana. Tulikuwa watoto wakati ule, ndio tuliobeba mabeseni. Nilitaka kusimama nieleze, nikaona maneno ni mengi na magoti yananiuma, nikanyamaza. Huenda na wenzangu walinyamaza kwa sababu hiyohiyo.

Ninyi mliozaliwa kambini Tanzania kama mimi mnajua kwamba kwetu mto ulikuwa kitu cha hadithi. Maji tuliyoyafahamu yalitoka bombani, kwa foleni, madumu yakiwa yamepangwa kuanzia alfajiri na kila dumu lina fundo la kitambaa ili lisiibwe. Wakubwa ndio walikuwa na mito. Jioni walituhadithia mji wetu wa Baraka hadi tukaujua bila kuuona: ziwa, samaki wa mikeke wa kuchoma, michikichi, na Kalumbi unaopita katikati ya mtaa na maji yake baridi na mawe laini ya kufulia. Shangazi Feza, dada yake baba, alikuwa na mto mwingi kuliko wote. Angeweza kukueleza jiwe gani lilikuwa la nani.

Zamu yake ya kurudi ilipofika, wazazi wangu walinitanguliza pamoja naye, wao wakabaki na wadogo zangu kungoja mashua nyingine. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Tulivuka ziwa nimekumbatia sufuria, nikatapika humo, na shangazi akaniosha uso kwa maji ya ziwa akisema nisijali, kesho nitaoga mtoni.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda. Alikwenda mbio, mimi nikijikwaa nyuma yake, kisha akasimama ghafla nikamgonga mgongoni. Mbele yetu palikuwa na bonde la takataka. Mifuko, matambara, maganda ya mihogo, makopo, magurudumu, mzoga wa mbuzi uliovimba. Katikati ya hayo yote maji meusi yalijipenyeza kama mtu anayetafuta njia sokoni. Watu wa vita hawafagii, na waliobaki mjini miaka ile walikuwa na mambo mengine ya kuhangaikia kuliko mto. Shangazi alivua kandambili, akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu, akasimama humo muda mrefu. Mimi nikajua kwamba wakubwa ni waongo, na nilimwonea huruma kwa kuwa uongo wake umeonekana.

Lazima niseme juu ya nguo yake, maana mambo yote yalitoka huko. Shangazi alivaa kikwembe cheusi. Alikivaa kambini, alikivaa kwenye mashua, na kwa kufuliwa kwingi kilikuwa kimekuwa na rangi ya jivu. Mimi sikuwahi kumwona na kingine. Nilidhani ndivyo alivyo, kama mwingine alivyo mrefu au ana pengo.

Kilikuwa cha matanga ya mume wake, Wilonja, aliyekuwa mwashi wa nyumba. Siku ya kukimbia walikuwa wameshavuka daraja la Kalumbi kuelekea ziwani, mizigo kichwani, pamoja na mdogo wake Wilonja aliyeitwa Alimasi. Wilonja akageuka kurudi kuchukua vyombo vya kazi. Shangazi alimngoja ukingoni hadi watu wakamvuta kwa nguvu. Nilipomuuliza habari hizo, alikuwa na jibu moja tu, kwamba alivuka mto na hakurudi. Akili yangu ya kitoto ilipiga hesabu zake. Mtu aliyevuka mto asirudi, yumo mtoni. Basi niliposikia shangazi anataka kuusafisha mto wote, sikuhitaji maelezo. Tunakwenda kumtafuta mume wake chini ya zile takataka.

Jambo lenyewe nilikuja kulielewa nikiwa mkubwa. Akina mama wa mtaa wetu walikuwa na desturi. Sijui kama ni ya sisi Wabembe wote au ni ya wale wa kando ya Kalumbi tu, na sitaki kugombana na mtu. Mjane akimaliza matanga, anaoga asubuhi mapema pale kwenye mawe ya kufulia, anavaa nguo ya rangi, na ile nyeusi anaiachia maji. Nguo inatakiwa isafiri hadi ziwani. Ikikwama njiani, huzuni imekataa kuondoka, itarudi nyumbani na mwenyewe. Hakuna mwanamke anayeruhusiwa kuinasua, hata mjane mwenyewe. Ni mtu wa damu ya marehemu tu ndiye anayeweza kuigusa. Mchungaji wetu alihubiri kwamba maji hayaoshi huzuni, na watu waliitikia amina, ila dada yake alipofiwa tulimwona mtoni kama wengine.

Kuna jirani aliyerudi kabla yetu, akajaribu. Kikwembe chake hakikufika hata darajani. Kilinasa kwenye takataka, kikakaa pale kiangazi kizima, kimetandazwa juu ya makopo kila mpita njia akione. Yule mama akawa anazunguka barabara ya juu kwenda sokoni ili asipite darajani. Shangazi alipita darajani, akakiona, na sidhani kama kuna siku alikisahau. Akitaka kuvua nguo yake ilibidi mto uwe wazi kutoka mawe ya kufulia hadi ziwani.

Hata mto ungekuwa wazi, palikuwa na Shemeji Alimasi. Alikuwa na kiduka cha misumari na mabati, mtu mpole, mwenye kuinamisha kichwa anaposalimia. Alituletea ndagala, wale dagaa wa ziwani, alituzibia paa, hakuwahi kupita bila kuuliza kama tumekula. Lakini matanga ya kaka yake alikataa yasimalizwe. Kila mara alikuwa na habari mpya, mtu fulani amemwona Wilonja machimboni, mwingine amesikia yuko Zambia anajenga. Akina mama walipomsihi kwa niaba ya shangazi, aliwajibu neno lilelile.

"Mutu mwenye hana kaburi hakukufa."

Na wakwe wakikataa, mjane afanye nini? Alikuwa bado mwenye nguvu, kulikuwa na fundi seremala mmoja aliyekuja kumsalimia mara nyingi kuliko salamu zinavyohitaji, akachoka akaacha kuja. Shangazi hakugombana na shemeji yake hata siku moja. Alichukua jembe.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja iliyoagizwa na chefu wa mtaa, na kwa watu wengi maana yake ilikuwa kufagia mlangoni kwako na kusukumia takataka mtoni. Shangazi aliachana na mlango wake, akaelekea ziwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa beseni lililonizidi kimo. Nililalamika kwa nini tunakwenda mbali hivyo wakati takataka zimejaa nyuma ya nyumba yetu, akanieleza tukitembea kwamba mto hufunguliwa mdomo kwanza. Ukianzia juu, maji yanachukua uchafu wako na kwenda kuwazibia wa chini, hapo hujasafisha, umemtupia jirani. Unaanza pale mto unapoingia ziwani, unapanda nao polepole, hadi ufike kwako mwisho. Nikaona ni njia ya watu wenye subira kupita kiasi. Mimi nilitaka tumpate Wilonja upesi.

Watu walicheka. Walisema kambi imemharibu kichwa, amezoea kupewa kila kitu sasa anatafuta kazi. Mimi watoto walinicheka kwa namna ninavyosema, wakanifuata ukingoni wakiniiga, "Angalia mutoto wa Tanzania, anaokota bichafu." Nilikuwa nabeba beseni nikilia, na machozi yakichanganyika na tope huwezi kujifuta, unazidisha tu. Mikono ya shangazi ilipasuka. Jioni alikuwa anaipaka mawese na kulala ameinua viganja juu, kama mtu anayeomba.

Sikumbuki walijiunga lini, nakumbuka tu kwamba hawakujiunga kwa wema. Mchanga ulipoanza kuonekana pale mdomoni, vijana wa mpira waliona uwanja, wakaja na majembe. Wavuvi waliona mahali pa kuvutia mitumbwi, wakaja. Wanawake wa sokoni ndio walikuwa wagumu, kwa kuwa maganda na mabua yao yote yaliishia mtoni, na shangazi hakuwahutubia. Alikwenda kuketi nao kutwa, bila bidhaa, anasaidia kumenya mihogo, anasikiliza habari za waume zao, siku baada ya siku, hadi wenyewe wakauliza shimo la takataka lichimbwe upande gani. Waliokuwa wamelima mchicha ndani ya mto wakarudi nyuma wakinung'unika, na kingo tukazipanda mabingobingo, yale majani marefu yenye mizizi ya kushika udongo. Kila mtu alikuja na tamaa yake, na shangazi hakumuuliza mtu sababu. Naye hakusema yake, ingawa kila aliyekuwa na macho aliiona imefungwa kiunoni mwake.

Mimi nilikuwa na kazi yangu ya siri. Kila kiatu cha mwanamume kilichotoka kwenye tope nilikiosha, nikakificha chini ya kitanda cha kamba. Moka zilizopasuka, buti, raba za upande mmoja. Nilifikiri anayekwenda mbio kurudi nyumbani lazima atapoteza kiatu kwanza, na kiatu kikipatikana mwenyewe hayuko mbali. Usiniulize nilifikiri atakuwa katika hali gani. Nilikuwa nimeona watu wengi wakifika kwa mashua, wembamba, wachafu, wasiotambulika, kisha wanaogeshwa na kupewa uji na wanakuwa baba za watu. Nilidhani ndivyo itakavyokuwa.

Siku moja shangazi alikuwa anafagia, ufagio ukavuta kiatu kimoja, akainama akaviona vyote. Aliniuliza ni vya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba ni vya baba Wilonja, bado sijajua ni kipi. Alikaa chini sakafuni na ufagio mkononi. Nilingoja anipige, kwa kuwa alikuwa ametazama vile viatu kama mtu anayetazama nyoka. Akachukua kimoja, akakiweka juu ya kiganja, akakipima kwa macho.

"Miguu yake ilikuwa mikubwa kuliko hizi," akasema.

Basi. Alikirudisha mahali pake, akaendelea kufagia. Leo naelewa kwamba hakuwa na nguvu ya kunieleza, uchovu ulikuwa umemfika mahali ambapo hata kumsahihisha mtoto ni mzigo. Lakini mimi niliona nimepewa kipimo, na kuanzia pale nilitafuta viatu vikubwa tu.

Mvua ziliponyesha mto ukaanza kusikika. Kwanza usiku kidogo, kisha mchana pia, sauti ya maji yanayogonga mawe, na wazee waliokuwa wamebaki mjini walikuwa wakinyamaza katikati ya mazungumzo ili waisikilize. Samaki wadogo walipanda kutoka ziwani. Watoto walionicheka sasa walikuwa wanaruka majini uchi, nami pamoja nao, nikishika pua. Mtu alileta mtumbwi mkongwe akaugeuza tumbo juu chini ya mti, ukawa benchi, na jioni wanawake walikaa hapo kusukana nywele, na mmoja akaanza kuuza mandazi. Sijui kama niliwahi tena kuona mji huu unapumzika namna ile. Tulikuwa watu tulioshindwa kutazamana, kila mmoja anahesabu nani alikimbia na nani alibaki, na mto ulitupa mahali pa kutazama.

Shangazi hakukaa kwenye benchi lile. Alikuwa anapanda na jembe lake, akifuata mto juu, hadi siku tulipofika kwenye mawe ya kufulia nyuma ya nyumba yetu. Rundo la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote, na mimi nililichimba kwa kucha. Hapa ndipo alipo, nilijiambia, ndiyo maana tumemwacha wa mwisho. Chini ya rundo palikuwa na mawe tu, laini, ya kijivu, kama alivyokuwa ametuhadithia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikatafuta mahali pa kujificha nilie, kisha nikapata wazo lililonituliza, kwamba huenda maji ya mvua yamemsukuma hadi ziwani na tutamkuta huko.

Asubuhi ya kuvua nguo ilikuwa na baridi na ukungu mdogo juu ya maji. Akina mama walikuja kimya, bila kuitwa na mtu. Shemeji Alimasi alikuja pia. Nadhani alisikia dukani. Alisimama juu ya mawe, suruali yake imenyooshwa kwa pasi, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama shangazi usoni.

"Shemeji, usiachilie hii nguo. Kuko mutu alimuona kule ku machimbo."

"Basi amulete," shangazi akasema, akaingia majini.

Walimwosha kichwa, mabega, mgongo. Hakulia. Alitoka upande wa pili wa jiwe amefungwa kikwembe cha manjano, na nikashtuka, kwa sababu alikuwa mdogo, alikuwa karibu msichana, na sikuwa nimejua. Kisha akainama akaweka kile cheusi juu ya maji. Kilijaa hewa, kikazunguka mara moja, kikaenda.

Tulikifuata ukingoni sote. Wanawake walikuwa wanatazama nguo, mimi nilitazama maji, nimtafute mwenye miguu mikubwa. Kilipita darajani bila kugusa nguzo. Kilipita nyuma ya soko, na wauza mihogo wakasimama wakaweka mikono kifuani. Mwendo wake ulikuwa mzuri, na wengine walianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Tuliona ziwa mbele. Hapo, kwenye kona ya mwisho, kikaelea pembeni taratibu, kikaingia kwenye mabingobingo, kikakaa.

Yalikuwa mabingobingo tuliyoyapanda sisi, kwa mikono yetu, ili mto usile kingo. Wimbo ukakatika. Kikwembe kilikuwa karibu kiasi kwamba mtoto angekifikia kwa fimbo, na hakuna aliyethubutu. Tulingoja maji yakivute. Maji yalikitikisa, yakakikunja, yakakisukumia ndani zaidi. Shangazi alisimama ameshika fundo la nguo yake mpya. Kazi yote ile, mikono ile, miezi ile, na sasa uso wake ulikuwa mtupu, haukuwa hata na hasira. Nimechoka sana maishani, lakini sijawahi kuchoka kama alivyokuwa amechoka yeye pale.

Wanawake wakageuka mmoja mmoja wakatazama nyuma. Shemeji Alimasi alikuwa ametufuata kwa mbali. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemwambia kwamba katika mji mzima ni yeye peke yake aliyebaki na damu ile, maana alijua. Alisimama kidogo, akavaa kofia, akaivua tena, akaiweka chini juu ya nyasi. Kisha akaingia mtoni na viatu vyake na suruali yake ya pasi, maji yakamfika kiunoni, na alipofika kwenye mabingobingo akasimama bila kunyoosha mkono.

"Ni mi nilimutuma," akasema. Alikuwa ametupa mgongo. "Bile byombo bilikuwa byangu. Mi njo nilimuambia arudilie."

"Najua, shemeji," shangazi akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku. Nilikuwa karibu, nilisikia."

Alimasi akageuka. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na mtu mzima aliyesimama majini akitetemeka midomo si jambo la kumwonyesha mtoto, lakini hakuna aliyekumbuka kunifunika macho.

"Na juu ya nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungojea."

Alimasi akakishika kikwembe kwa mikono miwili, akakinasua kwenye majani taratibu asikichane, akatembea nacho majini kufuata mkondo, hatua kwa hatua, hadi pale maji ya mto yanapobadilika rangi na kuwa ziwa. Akakiachia. Tulikiona kinakwenda, doa jeusi, kisha doa, kisha mawimbi tu. Wakati huo ndipo shangazi alipolia, kwa sauti, kama mtu aliyepewa habari dakika ile. Wanawake walimshika. Alimasi alikuwa bado ziwani, naye analia, amekamata magoti yake, na wavuvi wakasimamisha mitumbwi yao mbali kwa heshima.

Mimi nilikimbia mchangani huku na huko. Nilitazama nyuma ya mitumbwi, nilitazama kwenye mawe. Mchanga ulikuwa safi, tulikuwa tumeusafisha wenyewe, na hapakuwa na mtu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimvuta shangazi nguo yake ya manjano.

"Sasa tutamtafuta wapi?"

Alisimama. Nadhani ndipo alipofahamu uzito wa nilichokuwa nimekibeba miezi ile yote pamoja na lile beseni. Akachuchumaa, akanifuta tope shavuni kwa kidole.

"Hatumutafute tena, mama," akasema. "Tulishamuacha aende."

Jioni ile nilivitoa viatu chini ya kitanda nikavipeleka kwenye shimo la takataka, na shangazi alinisaidia kubeba. Nililala usingizi wa mawe. Nilidhani kazi imekwisha, kwamba Jumamosi sasa itakuwa siku ya kuogelea kama ilivyokuwa kwa watoto wengine, na kwamba nikiamka jua litakuwa limeshapanda.

Jumamosi iliyofuata aliniamsha bado giza. Alikuwa amevaa kile cha manjano na amekifunga juu ya magoti, jembe begani. Nilimwambia si tulimaliza. Nililia kidogo, kwa kweli, mgongo uliniuma.

"Sisi tulimaliza," akasema. "Bengine bangali na nguo zabo nyeusi."

Nikaamka, nikatafuta beseni, nikamfuata.